Spana ya Sifael

Kelele za korona zilipokoma, watu waliendelea kuzungumza kwa vidole. Korona ni mashine inayochana majani ya mkonge na kuacha nyuzi, na inaponguruma hakuna mdomo unaosikika. Kwa hiyo wafanyakazi wa kiwanda kile cha katani, tambarare, kando ya barabara kuu ya kwenda Same, walikuwa na lugha yao ya mikono. Ngumi ilikuwa simama. Vidole viwili vilivyopishana vilikuwa kisu kimekatika. Kiganja wazi kinachozungushwa taratibu hewani kilikuwa inazunguka, hakuna shida, endelea. Siku meneja alipoizima mashine na kutangaza kwamba kiwanda kimefungwa na hakitafunguliwa tena, walibaki wamesimama ndani ya ukimya ule mpya wakiulizana kwa mikono: sasa je? Sifael, aliyekuwa fundi wa visu vya mashine hiyo, aliinua mikono yake ajibu, akaona haina ishara ya jambo hilo.

Alikuwa amepita miaka hamsini. Kwao ni Vuruma, kijiji kilichokaa mgongoni mwa milima ya Upare Kusini, juu ya Ndungu, mahali ambapo mtu akichimba shimo la choo hukutana na chemchemi. Mke wake, Beatha, aliishi huko. Sifael aliishi tambarare kwenye nyumba za kiwanda, na ndoa yao ilikuwa ndoa ya mwisho wa mwezi. Alikuwa akifika Jumamosi jioni na sukari na mafuta ya taa, na miaka ya karibuni na betri za tochi. Jumapili alikwenda ibadani, akala makande ya mkewe, akashuka. Mbwa wa nyumbani walimbwekea. Binti zake wawili walikua hivyohivyo, wakimwita baba kwa sauti ya kumkaribisha mgeni, kisha wakaolewa mbali, naye bado anapanda na kushuka.

Kila alipoaga alimwambia Beatha, "Nikimaliza huku chini, nitakuja kukaa."

Na Beatha alimjibu, "Kiti chako kipo."

Kiti kilikuwepo kweli, cha mbao ngumu, karibu na mlango wa jikoni. Beatha hakuruhusu mtu akikalie.

Ndiyo maana kiwanda kilipofungwa, chini ya hofu yake palikuwa na kitu kidogo kama furaha, nacho kilimtia aibu mbele ya wenzake waliokuwa wakilia.

Baada ya muda shirika moja lilikuja na gari jeupe na mabango. Walisema watawafundisha walioachishwa kazi ufundi mpya, bure, kwenye chuo kimoja mjini Same, na kwamba kila atakayehitimu atapewa vifaa vya kuanzia. Dada wa mradi aliitwa Asteria, msichana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio. Aliwapanga kwenye foleni akamuuliza kila mmoja anataka nini: cherehani, sabuni, umeme wa jua, au bomba la maji.

"Bomba," alisema Sifael bila kufikiri. Aliona mabonde ya Vuruma, na wanawake wakipanda na ndoo, na Beatha akiwa mmoja wao.

Nyuma yake alisimama Sindato, Mmasai wa nyika za upande wa Ruvu, aliyekuwa mpakiaji wa majani ya mkonge. Naye akasema, "Bomba."

Sifael akamgeukia. "Wewe Sindato, kwenu maji yako wapi?"

"Hakuna."

"Sasa bomba la nini?"

"Umeme wa jua hauna foleni, jua ninalo la kutosha, nimelichoka," alisema Sindato. "Nataka nijue hayo maji yenu huwa yanapita wapi mpaka yasitufikie."

Watu wakacheka, hata Asteria.

Miezi ya chuo ilikuwa mizuri. Hilo lazima lisemwe, maana yaliyofuata hayakuwa kosa la chuo. Mwalimu alijua kazi yake, na mikono ya Sifael, iliyozoea kunoa visu na kukaza nati, iliipokea kazi mpya kama inayorudi nyumbani. Alijifunza kukata bomba pasipo kuliumiza, kuunga la plastiki na la chuma, kusikiliza mahali maji yanapovuja chini ya udongo. Wanaume wazima waliokuwa wameanza kuinamisha vichwa njiani walianza tena kutaniana. Siku ya kuhitimu kila fundi bomba alipewa boksi jekundu la vifaa, na ndani yake, juu ya vingine vyote, spana kubwa ya bomba yenye meno, nzito kama mtoto mchanga.

"Sasa mzee wangu, wewe ni fundi," Asteria alimwambia. "Ukifika nyumbani, watu watakufuata wenyewe."

"Nyumbani," alisema Sifael. Alilirudia neno lile ndani ya basi, njia nzima.

Na watu walimfuata wenyewe. Asteria alisema kweli.

Nyuma ya ofisi ya kijiji cha Vuruma palikuwa na mizingo ya mabomba meusi ya plastiki, msaada wa watu wa mbali, yaliyokaa pale mpaka mbuzi wakayazoea. Yalikosa mtu wa kuyaunga. Sifael hakuwa amemaliza hata kunywa uji wa kwanza wakati mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee Elifasi, alipoingia uani na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia umekuja na chuma."

"Nimekuja nacho."

"Mungu hamtupi mja wake. Kesho kutwa tunapiga pembe."

Pembe ikipigwa Vuruma, maana yake ni msaragambo. Ni kazi ya wote, ya barabara au mfereji au shule au bwawa, na haina mshahara. Kila nyumba hutoa mtu. Asiyetokea, na hana mgonjwa wala msiba, hufuatwa nyumbani kwake na kutozwa kitu: kuku, jembe, sufuria, chochote kilicho karibu na mlango. Ndivyo milima hii ilivyochongwa ngazi na mifereji tangu kabla ya mabibi wa mabibi. Hakuna Mpare anayeuona msaragambo kuwa kazi anayofanyiwa mtu. Ni kama kupumua, na pumzi haina bei.

Sifael alipanda na spana begani mpaka kwenye chemchemi. Wanaume walichimba, wanawake walibeba, naye akaunga. Aliwafundisha waliokuwa na mikono myepesi, hasa jirani yake Lukasi. Siku maji yalipotoka kwenye koki ya kwanza, mbele ya kanisa, wakinamama walipiga vigelegele mpaka bonde la pili likajibu. Elifasi alimkalisha Sifael upande wake wa kulia, akamkabidhi kibuyu cha dengelua, pombe ya miwa, anywe kabla ya wakubwa zake.

"Leo," alisema Elifasi, "Vuruma imezaa."

Usiku ule Sifael na Beatha walikaa mlangoni, yeye kwenye kiti chake.

"Umekaa," alisema Beatha.

"Nimekaa."

Tangu siku hiyo kila nyumba ilitaka tawi la bomba. Waliita njiani: mjomba, shemeji, baba Neema, njoo utupie jicho tu, dakika moja. Dakika ile ilikula asubuhi yake yote. Alipomaliza, walimfungia mkungu wa ndizi, au tangawizi, au walimshika mkono kwa mikono miwili wakamwombea maisha marefu. Neno "bei" lilimfika kooni kila mara, na kila mara lilikutana na uso wa mtu aliyemjua mama yake, likarudi.

Beatha alizipanga ndizi ukutani, mkungu juu ya mkungu, mpaka jikoni kukanuka.

"Sifael, ndizi tunazo shambani. Tunachokosa ni sabuni."

"Najua."

"Na dawa yangu ya kifua."

"Najua, mama Neema."

"Basi waambie."

Akaenda kuwaambia. Ulikuwa mkutano wa kamati ya maji, kwenye darasa la shule, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto. Alisimama. Alisema kwa heshima, na kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia, kwamba kazi ya bomba kuu ameifanya kama mtoto wa Vuruma na hadai kitu. Lakini matawi ya nyumbani kwa mtu ni ya mtu, na kazi hii sasa ndiyo shamba lake, hana nyingine. Aliomba kila nyumba itoe kidogo.

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, bila ukali, "Heee! Chuo hicho kinafundisha bomba au kinafundisha duka?"

Kicheko kikapita darasani.

"Fundi wa Same tulimlipa alipopima chemchemi," Sifael alisema. "Mlichanga. Nilikuwa chini huko, lakini nilisikia."

"Yule ni mgeni," alisema Lukasi. Alikuwa akimpenda Sifael, na alisema kama anayemkumbusha ndugu jambo lililomponyoka. "Mgeni hulipwa ili aende zake. Wewe unakwenda wapi?"

Mzee Elifasi aligonga fimbo sakafuni mara moja. "Mwanangu," alisema, "mama yako alipofariki ulikuwa kwenye mkonge. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara imekatika. Tulimbeba kutoka hospitali kwa machela, kwa zamu, mpaka hapa. Tulichimba, ulipofika ulikuta shimo tayari. Mkeo amebeba mawe ya zamu yako miaka yote hiyo. Hakuna aliyekuja mlangoni kwako na bei." Akaegemea fimbo yake. "Na wewe ukifa, tukuchimbie kwa shilingi ngapi? Tuambie sasa, uko hai, tusije tukakupunja."

Hakuna aliyecheka tena. Elifasi mwenyewe alionekana kuumia kwa alichokisema. Na Sifael, akiwa amesimama katikati ya madawati yale madogo, alijua kwamba mzee hakusema uongo hata neno moja. Hilo ndilo lililomvunja. Mtu akidhulumiwa huweza kukasirika, na hasira humpa mtu njia. Yeye hakudhulumiwa. Alirudishiwa tu hesabu ya upendo, akakuta yote ni deni.

"Nisameheni, wazee wangu," alisema, akaketi.

Alijaribu kijiji cha ng'ambo ya bonde. Huko walikuwa ukoo wa Beatha. Walimchinjia jogoo, wakamwonyesha bomba lililopasuka, wakamwita shemeji. Alijaribu mji wa Same. Mbele ya duka la vifaa vya ujenzi alikuta wenzake wa chuo wamepanga maboksi mekundu ukutani, wameyakalia kama viti, wakingoja mtu ambaye bomba lake limepasuka. Kila boksi jipya lililofika liliwafanya wasogee kidogo na kusalimia kwa huzuni. Mji ni mkavu, na nyumba nyingi zina fundi wao wa siku zote.

Sindato alikuwa mwisho wa mstari.

"Karibu kanisani," alisema. "Sisi huku tunaomba mabomba yapasuke."

Sifael akamsimulia habari za Vuruma. Sindato alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akacheka mpaka akashika goti.

"Wewe ni Mpare kweli? Kawashtaki! Si ninyi mnaouza ng'ombe ili mshinde kesi ya kuku?"

"Nimshtaki nani? Waliomzika mama yangu?"

Sindato akaacha kucheka. Akasogea, akampa nafasi kwenye boksi lake. "Mimi nina ufundi na kwetu hakuna maji," alisema. "Wewe kwenu kuna maji na huwezi kuyauza. Yule dada alitakiwa atupige picha pamoja."

Wiki chache baadaye Sindato alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala la mpunga kule Ndungu, penye mashine ya kukoboa. Hawakumwuliza cheti. Walimtazama urefu wake na rungu lake, basi. Walipotaka mlinzi wa pili, akampigia simu Sifael.

Beatha alikuwa akipepeta maharage wakati Sifael alipomwambia. Hakuinua kichwa.

"Ndungu si mbali," alisema Sifael. "Inaonekana kutoka hapa. Nitakuja kila mwisho wa mwezi."

Ungo ulisimama, kisha ukaendelea.

"Kumbe ulikuja kunisalimia tu," alisema Beatha.

Aliliacha boksi jekundu chini ya kitanda, maana mlinzi hahitaji spana. Asubuhi alishuka kwa miguu, hakutaka bodaboda, na kila kona ya njia alisikia chini ya udongo maji yake yakishuka pamoja naye, mpaka mahali bomba linapoishia. Kutoka hapo alishuka peke yake.

Ndungu ni joto, mbu, baiskeli zenye magunia, na mashamba ya mpunga yaliyogawanywa kwa matuta mpaka macho yachoke. Sifael alikaa zamu ya mchana kwenye lango la ghala, amevaa koti la mtu mwingine. Kiwandani alikuwa haioni milima ya kwao, na mtu huweza kuzoea asichokiona. Hapa, ukungu ukipanda, aliliona bati la kanisa la Vuruma liking'aa, na chini yake kidogo, upande wa kushoto, doa la kijani ambalo lingeweza kuwa migomba ya Beatha.

Siku moja simu iliita. Sauti ilikuwa ya Asteria.

"Shikamoo, mzee Sifael! Unanikumbuka? Tunafuatilia wahitimu wetu."

"Marahaba, mwanangu. Nakukumbuka."

"Nina maswali mawili tu. Je, umewahi kutumia ujuzi uliopata chuoni?"

Aliwaza koki ya mbele ya kanisa na vigelegele. "Nimeutumia sana. Kijiji kizima kinakunywa."

"Mungu wangu, vizuri! Na je, sasa hivi una kazi?"

Alitazama lango. "Nina kazi."

"Aah, mzee wangu, umenifurahisha. Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Alisikia furaha ya kweli kwenye sauti ile, ya msichana aliyetaka mema, na hakuwa na moyo wa kutenganisha majibu mawili aliyoyaunganisha. Akamshukuru kwa yote. Baadaye alimwambia Sindato, ambaye naye alikuwa amepigiwa.

"Ulimjibu nini?"

"Kwamba nina kazi," alisema Sindato. "Ningesemaje? Ninayo."

Masika ikaja na nguvu. Udongo uliporomoka juu ya Vuruma ukavunja bomba kuu mahali pawili. Beatha alimpigia mumewe jioni ile: pembe imepigwa, kesho asubuhi. Sifael alikwenda kwa msimamizi wa ghala kuomba siku moja. Ghala lilikuwa limejaa, mzigo mwingine ulikuwa njiani, na Sindato hangeweza kulinda milango yote miwili. "Ukienda," msimamizi alisema, "koti lirudishe kabatini kwanza." Hakusema kwa ubaya. Nje ya lango, kama kila siku, palikuwa na wanaume watatu wamechuchumaa wakisubiri koti.

Sifael hakwenda. Kutwa nzima alikaa akitazama mlima uliofunikwa na mawingu. Kwenye kitabu cha lango hakuandika gari hata moja sawasawa.

Kesho yake alasiri simu iliita. Mashine ya kukoboa ilikuwa ikinguruma, akajibanza nyuma ya magunia.

"Walikuja," alisema Beatha.

"Nani?"

"Mzee Elifasi na wenzake. Kwa sababu hukutokea."

Alifumba macho. "Wewe si ulikwenda?"

"Kifua kilinibana, sikuweza kupanda. Mzee aliona aibu, Sifael. Alisimama nje, hakuingia. Akasema sheria ni sheria, angemsamehe fundi wangesema wengine. Walitaka kuku tu."

"Basi ungewapa kuku."

"Nimewapa spana."

Kelele za mashine zilijaa kati yao.

"Umewapa spana yangu."

"Walikuwa wanafunga bomba kwa mpira wa baiskeli. Maji yote yanakwenda bondeni. Spana ilikuwa imelala chini ya kitanda changu, usiku nikiamka naigonga na mguu." Alikohoa, akangoja kifua kitulie. "Nikaona kati yenu wawili, angalau mmoja abaki nyumbani afanye kazi."

Sifael aliegemea gunia. Alitafuta hasira, akaikosa, kama alivyoikosa siku ile darasani.

"Ameishika nani?" aliuliza mwishowe.

"Lukasi. Wako hapa mlimani, juu kidogo ya nyumba, nawaona. Wanagombana nayo."

"Mpelekee simu."

Alisikia hatua zake polepole kwenye tope, pumzi yake ikikwaruza, halafu sauti za wanaume, halafu Lukasi akisema kwa haya, "Fundi."

"Umeifungia wapi?"

"Kwenye maungio. Naikaza, lakini bado inatapika maji."

"Usiikaze hivyo, utaipasua. Plastiki haitaki nguvu. Fungua yote. Futa matope. Sasa anza kwa mkono, mkono mtupu, mpaka ikatae yenyewe."

"Imekataa."

"Sasa spana. Robo mzunguko. Robo tu, Lukasi."

Mtu alisema kitu kwa Chasu, lugha yao ya Kipare, mwingine akamjibu anyamaze. Kisha Lukasi akacheka kidogo, kama mtoto.

"Imeacha kulia, fundi. Imekaa. Haya, Mungu akubariki. Ukija, utufundishe na pale pengine palipovunjika, kule juu."

Simu ikakatika kabla hajairudisha kwa Beatha. Labda salio lilikuwa limekwisha.

Sindato alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, penye lango la pili, akimtazama. Alipiga kelele kuuliza kama kuna msiba nyumbani. Mashine ikazimeza kelele zake, akauliza tena kwa mikono, kwa ile lugha waliyoiacha kwenye mkonge.

Sifael aliinua mkono wa kulia. Alifungua kiganja, akakizungusha taratibu hewani: inazunguka, hakuna shida, endelea. Kisha akavaa vizuri koti la mtu mwingine, akarudi kukaa langoni.